Marehemu Aliyeuliza Bei ya Mbuzi

Asubuhi moja ya mwaka 1998, mwanaume tuliyekuwa tumemwombea dua ya maiti miezi minne nyuma aliita kituo changu cha redio na kuuliza mbuzi wanakwendaje Garissa.

Sikuwa naota. Nilikuwa nimekunywa chai yangu, jua limetoka kitambo, na chumbani walikuwemo wanaume sita. Watatu wako hai mpaka leo, mkitaka kawaulizeni.

Nimeamua kuandika haya kwa sababu ya kelele za hili grupu letu. Wiki mbili sasa mnagombana juu ya wifi, huu mtandao unaoletwa mjini. Wengine mnasema ihudumie maduka na hoteli kwanza, eti wafanyabiashara ndio wenye kazi nayo. Wengine mnataka ifunguliwe bure sokoni, steji na hospitalini, kila mtu ajisevie. Mmetukanana hadi mama zenu wameingizwa.

Mimi sina upande. Nimechoka jamani.

Lakini hilo swali mimi niliulizwa kabla wengi wenu hamjazaliwa. Nililijibu, watu wakanipigia makofi, na jibu lenyewe ndilo nataka kuwasimulia. Jina langu ni Kaaha.

Enzi hizo simu za Garissa zilikuwa za kuhesabu. Ukienda kaskazini, Bute, Banissa na kwingineko, hata waya wa simu wa kuanikia nguo hukuupata.

Kilichokuwepo ni taar.

Taar ni redio ya kuzungumza. Mtambo mmoja mezani, betri ya gari chini ya meza, waya mrefu wa antena juu ya paa, na maiki ya kubonyeza. Ukibonyeza unaongea, ukimaliza unasema "ova", ukiachia unasikiliza. Na kila mwenye taar katika masafa hayo anakusikia, kuanzia Dadaab hadi Mandera.

Siri haikuwepo. Watu walikuwa wanakuja na birika zao za chai, wanakaa nje ya dirisha langu, wanasikiliza mambo ya wenzao mpaka jioni.

Mtambo ulikuwa mali ya chama cha wauza mifugo. Mwenyekiti wao alikuwa mzee Dagane, mtu mfupi, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Mimi nilikuwa nimemaliza fomu foo, naandika haraka, basi wakaniweka mezani.

Afisa aliyetupa ruhusa alitupa na sharti lake. Hewani ni Kiswahili tu, ili naye akisikiliza aelewe.

Hebu fikiria wauza ngamia wanavutana bei kwa Kiswahili.

"Garissa, Garissa, hii ngamia ya mimi iko na mguu fizuri kabisa, wallahi, ova."

Mwanzoni nilikuwa nacheka hadi machozi. Baadaye nikazoea.

Asubuhi ilikuwa ya biashara. Alasiri ilikuwa ya umma: mgonjwa, harusi, mtoto kazaliwa, fulani kapotea. Na kila aliyeshika maiki, kabla hajasema lolote, alianza na ukoo wake.

Mgeni hawezi kuelewa jambo hili. Sisi majina yetu ni yale yale. Ukipiga kelele "Abdi!" sokoni, nusu ya soko itageuka. Kwa hiyo mtu anajulikana kwa mambo mawili: jina la utani, na orodha ya mababu.

Basi mtu anasema yeye ni fulani, mwana wa fulani, wa fulani, anapanda hadi babu wa saba. Wa upande wa pili naye anapanda na wa kwake. Wakikutana kwa babu mmoja huko juu, furaha! Wanaulizana mvua, wanaulizana malisho. Halafu ndipo unasikia, "Haya, mama anaumwa sana, njoo."

Dakika kumi zimekwisha, na foleni iko palepale.

Halafu ikaja ile mvua ya mwaka 1997.

Walioiona hawahitaji kuambiwa. Mto Tana ulivunja kingo zake ukaingia mashambani. Barabara ya kwenda juu kaskazini ikawa matope matupu, malori yakazama hadi milango. Mifugo ikaanza kufa, mbuzi na kondoo wanatupa mimba kundi zima, na kutoka kwa mifugo homa ikahamia kwa watu. Homa yenyewe ilikuwa ya kutoa damu. Si mchezo.

Dizeli ya jenereta haikuingia mjini. Ile kidogo tuliyokuwa nayo ilitosha kuchaji betri ya kuzungumza saa nne tu kwa siku.

Saa nne, na kila mtu anaitaka redio.

Wauza mifugo walikusanyika ofisini. Nje walisimama akina mama, wengine na watoto mgongoni.

"Redio ni ya sisi," mfanyabiashara mmoja alisema. "Tusipojua wapi iko ugonjwa, tutanunua mizoga."

"Na sisi?" mama mmoja akajibu dirishani. "Waume zetu wako huko. Tutajuaje nani amekufa?"

Wote walisema kweli, ndiyo shida.

Mzee Dagane akavua miwani, akaisafisha, akanigeukia.

"Kaaha, wewe ndiye unayekaa hapa kutwa. Tuwape biashara au tuwape umma? Chagua, sisi tutafuata."

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Kuulizwa na wazee mbele za watu! Kichwa kilivimba hapo hapo.

Nikasema tugawane nusu kwa nusu. Saa mbili za biashara, saa mbili za umma. Na ili watu watoshe humo, hakuna tena mambo ya ukoo hewani.

"Majina mawili, mahali, ujumbe, unatoka," nikasema. "Kama redio ya polisi."

Makofi.

Nikaandika sheria kwenye karatasi, nikaibandika dirishani. Alasiri ya kwanza tuliwahudumia watu arobaini badala ya tisa. Wakaniombea baraka, nikaenda nyumbani nikitembea kama mke wa mkuu wa wilaya.

Mwanzoni mwa Desemba, saa ya umma, foleni imezunguka nyumba, Bute wakaita. Mwendesha redio wa Bute alikuwa Abdiwali, mtu wa taratibu sana.

"Garissa, hii ni Bute. Niko na habari mbaya. Ova."

"Endelea, Bute. Ova."

"Jelle Abdi, mtu ya Garissa, amekufa juzi. Ni hii homa. Tumemuosha, tumemzika. Sasa nataka kusema ukoo yake. Ova."

Nilitazama foleni. Mama wa mbele alikuwa na mtoto anayelia.

"Hapana, Bute. Majina mawili yanatosha. Kuna watu wengi. Ova."



"Haya. Redio ni yenu. Ova."

Kisha vituo vikaitikia kimoja kimoja, ndiyo ilikuwa desturi. Wajir: Allah amrehemu. Banissa: Allah amrehemu. Mandera. Dadaab. Hilo sikulikata, moyo wangu haukuwa mgumu kiasi hicho.

Hakuna aliyeuliza ni Jelle Abdi yupi. Wote tulimjua mmoja. Alikuwa mdogo wake mzee Dagane, baba mmoja, mfanyabiashara wa mbuzi. Mwezi wa kumi alipanda kwenda Banissa kununua mifugo, na njia yake ilikuwa Wajir hadi Bute.

Nikamwita mzee Dagane, nikamwambia. Alikaa chini sakafuni, si kwenye kiti, akashika kichwa.

Kwetu habari ya kifo haipelekwi ovyo. Alichukua wazee wawili wakaenda nyumbani kwa mke wa Jelle, Sado. Sado alipoona wazee watatu mlangoni wamevua viatu, alianza kupiga kelele kabla hawajasema neno.

Akavaa nyeupe. Akaingia eda, miezi minne na siku kumi.

Siku ile ya tangazo, foleni ilipokwisha, mama mmoja alibaki amesimama dirishani. Alikuwa Rukiyo, mjane anayeuza maziwa ya ngamia. Sisi tulimwita Eeddo, yaani shangazi.

"Eeddo, nimefunga," nikamwambia.

Aliniangalia, akabeba vibuyu vyake, akaondoka.

Eeddo Rukiyo alikuwa na mtoto mmoja tu duniani. Dereva wa lori, anaitwa Dheere. Maana yake Mrefu, na alikuwa mrefu kweli, akiingia ofisini kwangu lazima ainame. Garissa nzima ilimjua Dheere. Alikuwa amepeleka unga juu kabla barabara hazijakatika, na tangu hapo kimya.

Kesho yake Eeddo akarudi.

"Kaaha, Bute wamesema nini?"

"Juu ya Dheere? Hakuna, Eeddo."

"Niulizie kitu kimoja kwa huyo mtu wa Bute."

"Kitu gani?"

Hapo anaanza. Yeye ni binti wa nani, aliolewa na watu gani, hao watu ni wa babu gani. Taratibu, kwa adabu, kama alivyolelewa. Mimi macho yangu yako kwenye foleni.

"Eeddo, jina na mahali tu. Si unaona karatasi?"

Hakujua kusoma. Anafunga mdomo, anasogea pembeni, anakaa chini ukutani mpaka jioni.

Msinione mnyama. Siku moja niliuliza.

"Bute, hapo iko dereva anaitwa Dheere? Ova."

"Madheere ni wengi hapa, lakini Dheere ya Garissa mimi sijasikia. Ova."

Nikamwambia Eeddo, Bute hawamjui. Nilidhani nimempa matumaini. Alinishukuru, na kesho yake akaja tena.

Ramadhani ikaingia, akawa anakuja na saumu yake. Idi ikapita. Maji yakapungua, barabara zikafunguka, malori yakaanza kupanda na kushuka. Dheere hakushuka.

Dizeli nayo ikarudi. Redio ikawa inazungumza kutwa tena, na ningeweza kubandua ile karatasi.

Sikuibandua. Kusema kweli niliipenda. Kazi ilikuwa imekuwa nyepesi, watu wanaongea haraka, wanatoka, na mimi nafunga mapema. Hakuna aliyenilazimisha hilo, ni langu mwenyewe.

Aprili, eda ya Sado ikakaribia kwisha. Wazee wa pande zote mbili wakakaa na kukubaliana kwamba mzee Dagane amuoe, watoto wa ndugu yake wasitawanyike. Kwetu tunaiita dumaal, mjane kubaki katika nyumba ile ile. Wengi wameishi vizuri nayo. Nikaha ikapangwa Ijumaa.

Jumatatu, Sado akaniita nyumbani kwake. Amekonda, nguo nyeupe imekuwa kubwa.

"Wewe ndiye uliyesikia kwa masikio yako," akasema. "Nani alimwosha?"

"Sijui."

"Aliugua siku ngapi? Alisema nini?"

"Sikuuliza, Sado."

"Sasa uliuliza nini?"



Akanong'ona, maana nyumba ilikuwa na wageni. "Huyu Dagane nimemwita adeer miaka minane. Yaani ni kama baba mdogo kwangu, nampikia, namfulia. Ijumaa nitamwitaje?"

Nikasema Mungu atamfanyia wepesi. Ndiyo maneno tunayosema tukitaka kuondoka. Nikaondoka.

Jumanne asubuhi, saa ya biashara, wafanyabiashara sita wamejaa chumbani, mmoja wao mzee Dagane kwenye kiti chake.

"Garissa, Garissa, hii ni Banissa. Iko mtu hapa anataka bei. Ova."

"Mlete. Ova."

Kikohozi kidogo. Halafu sauti.

"Asalaam aleikum. Mbuzi ya kiume, ile ya kadri, Garissa inakwenda ngabi? Ova."

Kalamu iliniponyoka.

Sauti ile wote tuliijua. Mzee Dagane aliinuka, akaja mezani, akaichukua maiki mkononi mwangu. Alishindwa kubonyeza, nikambonyezea.

"Wewe nani? Ova."

"Jelle. Kwani hata sauti ya ndugu yako umesahau? Ova."

"Sauti mtu anaweza kuiga. Taja babu. Ova."

"Babu gani? Mimi nauliza mbuzi! Ova."

"Taja babu!"

Akaanza. Jelle Abdi Samatar. Akapanda. Wa tatu, wa nne, wa tano. Hakuna aliyemkumbusha habari ya majina mawili. Alipofika wa tisa mzee Dagane alikuwa analia waziwazi, makamasi yanamtoka, mwanaume mzima mwenyekiti. Jelle akafika wa kumi na mbili, akachoka mwenyewe.

"Garissa? Mbona kimya? Bei imeanguka hifyo? Ova."

Chumba kikalipuka. Wengine wanacheka, wengine wanalia, mmoja kasujudu palepale. Vituo vyote vikaingia hewani kwa pamoja, Wajir, Mandera, Dadaab, fujo tupu, alhamdulillah juu ya alhamdulillah.

Kumbe Jelle alikuwa amevuka mpaka wa nchi, mvua ikamfungia huko. Halafu mifugo ikakatazwa kusafirishwa, akakaa porini analinda kundi lake. Mara mbili alituma salamu kwa wasafiri, na hakuna iliyofika. Banissa alikuwa ameingia siku hiyo hiyo, na jambo la kwanza alilofanya ni kuuliza bei. Ndivyo walivyo hao wauza mbuzi.

Mzee Dagane alikimbia mwenyewe kwa Sado, kilemba kikamwanguka njiani hakukiokota.

Saa moja baadaye Sado aliingia ofisini kwangu. Ameoga, amevaa dera la kijani. Akanyoosha mkono, nikampa maiki.

"Jelle. Miezi mine mimi nakulilia. Nalala chini. Na wewe unauliza mbuzi. Ova."



"Sado. Nisamehe. Mbuzi sitaki tena. Ova."

"Uza mbuzi, mjinga wewe, halafu uje. Ova."

Watu nje ya dirisha walicheka hadi wakakaa chini. Ilikuwa furaha ambayo Garissa haikuwa imeiona tangu mvua, nami nilicheka nao.

Kicheko kilinikatikia katikati. Abdiwali wa Bute si mwongo. Yeye alizika mtu.

Nilisubiri wafanyabiashara watoke. Nikabonyeza.

"Bute, hii ni Garissa. Abdiwali, yule Jelle Abdi mliyemzika Desemba. Nipe ukoo wake. Ova."



"Sasa unataka? Ova."

"Sasa nataka. Ova."

Nikasikia karatasi zinafunuliwa. Alikuwa ameyaandika yote, miezi minne ameyatunza.

"Jelle Abdi Kulow. Kulow ni ile ya Warsame." Akapanda nayo mpaka juu, sikumkata. Kisha akasema, "Alikuwa dereva. Alikuja kwetu na homa, siku tatu. Alituambia mama yake anauza maziwa Garissa, anaitwa Rukiyo. Alisema tumwambie mama. Alikuwa mtu mrefu sana, dada. Kaburi tulichimba mara mbili, ya kwanza haikumtosha. Ova."

Sikumbuki kama nilisema ova.

Dheere. Miaka yote ile anaingia ofisini kwangu ameinama, sikuwahi kujua mama yake alimpa jina la Jelle. Nani angejua? Mtu akishaitwa Mrefu, jina lake la kitambulisho analijua mama yake na karani wa serikali. Na aliyefia kwa wageni akiulizwa yeye ni nani, anataja baba zake, hataji jina la utani.

Nikamwambia mzee Dagane. Furaha yote ilimtoka usoni. Akachukua wazee wawili, nami nikafuata nyuma, kwa sababu sikuona uso wa kubaki ofisini.

Eeddo Rukiyo alikuwa uani kwake, anafukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi wa kuni. Alituona. Aliwatazama wazee, akanitazama mimi, akaweka kibuyu chini polepole.

"Ni Kulow?" akauliza.

Wazee hawakuelewa. Mimi nilielewa.

"Ni Kulow, Eeddo."

Hakupiga kelele. Alikaa chini, akafunika mapaja yake vizuri na shuka. Innaa lillaahi, akasema, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo.

Halafu akazungumza, na maneno yake ninayo mpaka leo.

"Siku ile nilikuwa dirishani. Nilisikia Jelle Abdi. Nikasimama, nikasema sasa watageuka waniangalie mimi. Hakuna aliyeniangalia. Mkaenda kwa Sado. Nikasema alhamdulillah, si wangu. Nikafika nyumbani, nikasema, na kama ni wangu?"

"Eeddo..."

"Kila siku nilikuja umuulize mtu wa Bute jina la babu. Kulow, au si Kulow. Nilitaka hilo tu."

"Kwa nini hukuniambia hivyo moja kwa moja?" Nilikuwa nalia sasa. "Ningeuliza! Wallahi ningeuliza!"

"Ningesemaje, binti yangu? Watu wanalia kwa Sado, mimi nije niseme maiti ile ni ya kwangu? Mama anadai maiti? Nilianza vizuri, kwa baba yangu, ili nifike kwa mwanangu polepole. Wewe ulikuwa na haraka."

Mzee Dagane alitazama chini.

"Kwa Sado nilipeleka maziwa siku saba," akaendelea. "Nililia pale kuliko wenye msiba. Waliponiuliza nikasema ni ujirani. Wengine walinicheka, eti Rukiyo anajipendekeza."

Nikamshika mikono. Nikamwambia nitamtangaza Dheere leo leo, saa ya biashara, saa ya umma, saa yoyote. Na ukoo wake wote. Na vituo vyote vitamwombea. Nilitaka sana akubali, sijifichi, nilitaka nipate kitu cha kulipa.

Alitikisa kichwa.

"Walishamwombea. Nilikuwepo nikihesabu. Wajir, Banissa, Mandera, Dadaab. Ninyi mlidhani mnamwombea mwingine, Mungu alijua ni nani amelala pale Bute. Mwanangu hajakosa kitu." Akavuta pumzi. "Aliyekosa ni mimi. Miezi minne sikumlilia akiwa amekufa, na sikumngoja akiwa hai. Nimechoka, Kaaha. Nendeni. Nataka kulala."

Ilikuwa saa sita mchana. Aliingia ndani, akajilaza kwenye mkeka, na akalala kweli. Wanawake wa jirani walikuja wakamkuta hivyo, wakakaa pembeni yake bila kumwamsha, hadi alasiri ya siku hiyo.

Dirishani kwangu hakuja tena. Tulikutana sokoni mara nyingi, aliniuzia maziwa, alinisalimia kwa heshima zote, na hakuwahi kunilaumu hata mara moja. Angenilaumu ningelala vizuri zaidi. Alifariki miaka kadhaa baadaye, Allah amrehemu.

Jelle wa mbuzi alirudi kwa Sado, wakapata watoto wengine watatu. Mzee Dagane aliponipa pole siku moja, alisema kosa lilikuwa la chama kizima, walinipa mzigo mkubwa nikiwa msichana. Nilimshukuru. Lakini najua nani alibandika ile karatasi, na nani aliiacha dizeli iliporudi.

Haya. Rudini kwenye wifi yenu.

Dukani au sokoni, ya kulipia au ya bure, mtaamua na maisha yatakwenda. Mimi niligawa nusu kwa nusu, haki tupu, hakuna aliyelalamika. Mgawo wangu haukuwa na kosa, nimeupima miaka yote hii. Kosa lilikuwa kwamba nilihesabu watu waliotoka dirishani, arobaini badala ya tisa, nikajisifu kwa hiyo hesabu, na sikuhesabu waliotoka hawajasema walichojia.

Kwa hiyo mkishaweka hiyo minara yenu, wekeni na mtu wa kukaa hapo chini, mwenye subira. Atakuja mzee asiyejua kubonyeza, atakuja mama atakayeanza hadithi kwa baba yake mzazi. Amwache amalize. Mimi nilikuwa na saa zote za dunia kuanzia Februari, na mama yule alihitaji dakika tatu, nikamnyima siku baada ya siku hadi Aprili.

Sina wa kumsingizia. Si mvua, si dizeli, si wafanyabiashara. Ni mimi Kaaha, niliyekuwa na haraka ya kwenda nyumbani.